Sauti ya Kokoto

Miaka sita nimekaa kwenye kiti cha abiria cha magari ya watu wengine. Wateja wa mume wangu hudhani ni mapenzi. Wananiona nikifunga mkanda pembeni yake kila gari linapotoka kwenda kujaribiwa, wanatabasamu, wanasema hawa wazee wanapendana jamani, hata gereji hawaachani. Nawaacha waseme. Ukweli ni kwamba na mimi nakwenda kazini, na kazi yenyewe imenichosha mpaka kwenye mifupa.

Mume wangu wanamwita Presha. Presha ya turbo, ile feni inayosukuma upepo ndani ya injini, anaijua kuliko mtu yeyote, na ile ya mwilini anayo pia, ingawa vidonge vyake mpaka nimsimamie kama askari. Watu wanamletea magari ya turbo yaliyokwisha kutumika, yanayokuja na kilomita zao nyingi na siri za mwenye gari wa kwanza. Mtu anatembea nalo wiki mbili, analizoea, kisha anataka liwe na nguvu zaidi. Presha analiongezea upepo na mafuta. Ukiongeza kwa kiasi, gari linapata mbio. Ukizidisha, mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake na pistoni inapigwa kama kwa nyundo. Mafundi wanasema injini inagonga. Iache igonge, pistoni itapasuka, na hapo hakuna tena dawa ila kuifungua injini yote.

Kugonga kuna sauti yake, ndogo na nyembamba, kama kokoto chache ndani ya kopo la maziwa. Inakuja sekunde moja mguu ukiwa umezama kwenye mafuta, kisha inapotea. Presha alijijengea jina kwa kuisikia sauti hiyo. Kuna mafundi waliokuwa wakimwita aje asikilize tu, basi, kisha arudi zake.

Sasa haisikii. Masikio yake yaliondoka kidogo kidogo: kwanza mlio wa simu, halafu ndege wa asubuhi, halafu wajukuu wakinong'onezana. Ukiongea naye kwa sauti ya kawaida mnaelewana vizuri, kwa hiyo hakuna aliyejua. Hata mimi nilijua kwa bahati. Alikuwa ananipeleka sokoni kwa gari la mteja, nikamuuliza hicho kinachogonga ni nini. Aligeuka akanitazama kama mtu aliyefumaniwa.

Tangu siku hiyo nikawa masikio yake. Tulikubaliana kwamba nikiisikia sauti, nambonyeza goti. Yeye anaondoa mguu, anasimamisha gari, anafungua kompyuta na kupunguza alichozidisha. Kisha anamgeukia mwenye gari na kumwambia, "Nimeisikia." Mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Baada ya miaka miwili nilikuwa sicheki tena. Nilikuwa na cherehani yangu na kazi za sare za shule ambazo hazikuwa haba, lakini sare hazingoji mtu anayeitwa barabarani mara nne kwa siku. Cherehani ikafunikwa shuka, na mimi nikawa kifaa cha gereji, kama jeki.

Halafu akaja mwalimu wa kemia. Alibakiza mwaka mmoja astaafu, na alikuwa mpole kiasi kwamba akigusa mlango alikuwa tayari kuuomba radhi. Alikuwa amenunua gari la familia, refu kwa nyuma, la rangi ya kijivu, lenye turbo. Alitueleza kwamba maisha yake yote amekuwa mtu wa kukaa nyuma ya malori. Alitaka, angalau mara moja kabla hajazeeka kabisa, kulipita lori mlimani bila kwanza kusali. Nilimpenda mwalimu yule. Wateja wetu wengi ni vijana wanaotaka kusikika. Yeye alitaka kupita tu.

Presha alipofungua boneti alikuta mwenye gari wa kwanza amecheza nalo. Turbo haikuwa ile ya kiwandani, ilikuwa kubwa zaidi. Hilo si baya. Baya lilikuwa kwenye sensa inayokaa ubavuni mwa injini, ambayo kazi yake ni kusikia kugonga na kuiambia kompyuta ya gari ipunguze. Waya wake ulikuwa umekatwa, na mahali pake pamefungwa kidude cha kuidanganya kompyuta kwamba kila kitu ni shwari. Gari lilikuwa kiziwi. Sensa mpya ilibidi iagizwe, na muuza vipuri alisema wiki tatu.

Asubuhi ya siku ya kujaribu nilimwambia Presha tungoje. Tulikuwa kwenye kile chumba tunachokiita ofisi, yeye anafuta mikono kwa tambara, mimi napanga risiti. Nilimwambia wiki tatu si miaka mitatu, na mwalimu amekaa nyuma ya malori miaka arobaini, hawezi kufa kwa siku ishirini zaidi.

"Sensa ya nini, wakati ninaye wewe?" alisema.

Najua alidhani ananisifu. Lakini sikuwa nimelala vizuri, kiuno kilikuwa kinanisumbua, na lile neno lilinichoma. Nikamwambia mimi si kipuri. Nikamwambia nimechoka kutikiswa kwenye barabara ya maghala kama gunia, nimechoka kumsikia akisema amesikia. Mwisho nikamwambia kitu ambacho nilikuwa sijawahi kumwambia.

"Siku moja nitanyamaza, baba. Nitanyamaza tu, uone."

Alichukua ufunguo akatoka, na mimi, kama kawaida yangu, nikachukua mtandio nikamfuata.

Mwalimu aliketi nyuma, faili la makaratasi ya gari mapajani. Barabara ya maghala imenyooka na huwa tupu malori yakishapakia. Raundi ya kwanza Presha alikwenda taratibu. Ya pili akaongeza. Kila mwisho wa barabara alisimama, akapiga vidole kwenye kompyuta, akageuza. Nami nilifanya kazi yangu. Naapa niliifanya. Hasira za asubuhi niliziacha ofisini, nikafumba macho kama ninavyofanya siku zote, nikasikiliza kwa mwili mzima. Nilisikia injini ikinguruma, nikasikia matairi, upepo dirishani. Mkono wangu ulikuwa tayari. Hakukuwa na kitu.

Raundi ya nne gari liliondoka kwa nguvu mpaka mgongo wangu ukazama kwenye kiti. Mwalimu alicheka kwa sauti ya mtoto, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Presha akaongeza. Ya tano, akaongeza. Niliwaza kwamba hii ni injini nzuri na mume wangu amezeeka na hekima yake, na niliona haya kidogo kwa niliyomwambia asubuhi.

Katikati ya raundi ya sita mwalimu alikohoa.

"Samahani, fundi. Samahani, mama. Hivi hiyo sauti kama ya kokoto, itaisha injini ikishazoea?"

Presha aliondoa mguu kwenye mafuta kana kwamba ameungua. Gari likapungua mwendo mpaka likasimama kando ya ukuta wa ghala. Hakumtazama mwalimu. Alitazama goti lake, kisha akatazama mkono wangu uliokuwa umelala pale pale mapajani pangu.

Nilimuuliza mwalimu ameisikia tangu lini. Akasema tangu raundi ya tatu, kila gari likivuta, na hii ya mwisho ilizidi. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilidhani mnaijua," alisema. "Nyinyi ndio mafundi."

Nilitamani kumzaba kibao na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Presha alianza kuelekea gereji polepole. Palipo na kamwinuko kabla ya lango gari lilihitaji kuvuta kidogo, na mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo hapo." Nilikaza masikio mpaka taya zikauma. Nilisikia injini, matairi na upepo.

Kwenye gereji Presha alifungua plagi za injini. Ya tatu ilikuwa na vijipunje vinavyong'aa kwenye ncha, na hilo hata mimi ninayejua kushona najua maana yake: ni pistoni inayoyeyuka na kujirushia huko. Alipopima mgandamizo, silinda tatu zilisoma vizuri na ya tatu kwenye mstari haikusoma hata nusu. Alimweleza mwalimu bila kuzunguka. Alimwambia injini imeumia, kosa ni la gereji, ataifungua na kuirudisha kama ilivyokuwa kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu aliuma midomo, akatazama gari lake ambalo kwa nje halikuwa na hata mchubuko. Kisha, sijui watu wa namna hii wanazaliwa wapi, akasema asanteni, akachukua faili lake akaondoka kwa miguu.

Presha alifunga lango la gereji mchana kweupe. Akaja ofisini, akakaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Ulifanya makusudi?" aliniuliza.

Nimeishi na mume huyu miaka thelathini na mmoja. Naujua uso wake akiwa na hasira, akiwa mgonjwa, akiwa anaficha kitu. Ule haukuwa uso wa hasira. Alikuwa ananiomba. Alitaka niseme ndiyo. Ningesema ndiyo, angenifokea, pengine angenitupia tambara, tungenuniana siku tatu kama tunavyojua kununiana, kisha ningepika, angekula, na wiki inayofuata ningerudi kwenye kiti changu. Mke mwenye roho mbaya anasameheka. Neno ndiyo lilikuwepo tayari kwenye ulimi, na nilimwonea huruma yeye, na mimi mwenyewe.

"Sikusikia," nilimwambia. "Nilisikiliza sana, baba. Sikuisikia kabisa."

Uso ulimshuka. Alikaa vile vile, mikono yenye grisi ikining'inia katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Nilimwonea uchungu mpaka nikasahau kwamba na mimi nimepoteza kitu. Akaniuliza tangu lini. Nikasema sijui. Na kweli, mtu atajuaje asichokisikia? Nilidhani ndege wamehama.

"Mara ya mwisho kunibonyeza ilikuwa gari la nani?"

Nikafikiri. Nikataja pikapu ya fundi bomba. Alihesabu kwa vidole. Ilikuwa imepita miezi miwili na zaidi. Nilimkumbuka alivyokuwa akijigamba katika miezi hiyo, kwamba siku hizi mkono wake umenyooka, gari linatoka safi bila kuguswa mara ya pili. Nami nilimwamini. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikaa kwenye kile kiti mkono umelala nikasema moyoni, angalau sasa napumzika.

Tulitazamana, na nadhani tulifika pale pale kwa pamoja.

Alivuta daftari la wateja akalifungua mezani. Baada ya pikapu ya fundi bomba kulikuwa na magari saba. Kila moja lilitoka mikononi mwake na kupita masikioni mwangu, na yote saba yalikuwa barabarani wakati huo, na watu ndani. Alisoma kimya kimya, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Kinyozi. Mwenye duka la vioo. Muuguzi wa zamu, yule mwenye mapacha. Kidole kikasimama hapo.

Akanisukumia simu. Kwenye simu yeye hasikii vizuri siku hizi, na hilo sasa hakulificha.

Nilimpigia muuguzi kwanza. Alipokea haraka, akafurahi kusikia ni mimi, akaniuliza hali ya kiuno. Nikamwambia kiuno hakijambo, nikamuuliza hali ya gari.

"Linakwenda kama ndege, mama," alisema. "Nguvu ipo. Nilitaka tu kuwauliza, nikaona nitawasumbua bure. Ile sauti ya kokoto itaisha lini?"

Nilimwambia asiliwashe tena. Nilimwambia aliache hapo hapo lilipo, tutalifuata sisi. Mume wangu alikuwa amekaza macho kwenye midomo yangu, akisubiri nimwambie amesema nini.