Majani ya Mwerezi ya Mitsue

Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, saa nne na dakika kumi asubuhi, Mitsue alifariki akiwa kazini. Alikuwa ameosha mchele wa mchana na kuuacha kwenye maji, akaanika taulo mbili ukumbini kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, kisha akaketi juu ya mto wake mwembamba kwenye kona ya karakana na kuendelea alipoishia jana. Alikufa hivyo hivyo, mgongo umenyooka, kijipande cha mwerezi kikiwa katikati ya midomo yake.

Mumewe, Fundi Kuzuhara, alikuwa chumba cha mbele akiwaeleza watu wawili wa gazeti jinsi vidole vyake vinavyozungumza na mti. Aliita, "Wee, chai." Chai haikuja. Akaita tena, kisha akawaambia wageni kwamba wanawake wakizeeka huziba masikio, nao wakacheka kwa adabu. Mmoja wao alipokwenda kutafuta choo ndiye aliyemkuta.

Saa hiyohiyo, katika mji mzima wa Hinose, majani yalianza kuanguka.

Kazi ya nyumba ile ni kumiko, vimia vya mbao vya kuwekwa milangoni na madirishani, ambavyo havina msumari wala gundi. Vijiti virefu hupishana na kufanya pembetatu, na ndani ya kila pembetatu hupachikwa vipande vidogo viitwavyo majani, vitatu vitatu, mpaka ua la jani la katani litokee. Jani hukatwa kwa randa hadi litoshe kwa unene wa unywele, hulowanishwa kidogo, hukandamizwa kwa kidole. Mti ukivimba, umeshika. Kuzuhara alikata vijiti virefu kwa mashine. Majani aliyakata Mitsue, na aliyalowanisha kwa ulimi wake, kwa miaka arobaini na mmoja.

Yaliachia moja moja, bila haraka, kama mtu anayefungua vifungo vya shati. Yalianguka kwenye nyumba ya wageni, kwenye chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, hekaluni, na kwenye mlango wa ofisi ya mji. Watu walichukua mafagio. Kwa daktari wa meno, mhudumu aliyapanga kwa ukubwa na kuyatia kwenye mfuko wa karatasi, akaita mgonjwa aliyefuata. Hadi adhuhuri simu ya Kuzuhara ilikuwa imelia mara kumi na tisa. Aliyepiga kwanza alikuwa Bi Oribe, mwenye nyumba ya wageni.

"Fundi, mlango wako umeng'oka meno," alisema. "Wageni wangu wanaonana miguu wakitoka kuoga."

Alipoambiwa nyumba ina msiba alitoa pole kama inavyostahili, kisha akauliza kama mlango ungekuwa tayari kufikia Jumamosi. Kuzuhara alimjibu kwamba ni mvua tu. Aliwajibu wote hivyo.

Kesho yake alikwenda kuandikisha kifo. Alijaza anwani, akajaza tarehe, akafika kwenye nafasi ya jina la marehemu na kalamu ikasimama. Alikuwa akimwita "wee" tangu wiki ya harusi, naye alikuwa akiitika. Jinsi jina linavyotamkwa alijua. Linavyoandikwa, kwa alama zipi, hakujua. Karani, mwanamke aliyekuwa akinunua figili pamoja na Mitsue kila Alhamisi, aliigeuza karatasi upande wake na kuliandika mwenyewe bila kuinua macho. Kuzuhara akamsahihisha namna ya kushika kalamu.

Hekaluni, mtawa alimpa Mitsue jina la kaburini, kama wafu wote wa Hinose wanavyopewa. Lilikuwa refu, na ndani yake mtawa alitia neno "mti" na neno "mwangaza", ambayo yote mawili yalitoka kwenye jina la ufundi la Kuzuhara. Kuzuhara alikitazama kibao cha jina kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha upande, kama mtu aliyeko mbele ya kioo cha kinyozi. Alisema ni jina zuri sana.

Binti yao, Satsuki, alikuja kutoka Hakata, anakouza miwani, akaomba likizo ndefu bila malipo. Mifuko ya majani ilikuwa imejaa kwenye ukumbi, mia na kumi na miwili, kila mmoja na jina la mteja. Baba yake alikuwa ameshaanza kujaribu kuyapachika upya kwenye kimia kitupu cha karakana. Aliketi kwenye ule mto, magoti yakilia, akapachika jani, likatulia mradi kidole kiko juu yake. Alipoondoa kidole likaanguka. Alijaribu maji ya kisima, akajaribu mate yake, akajaribu kuwasha jiko ili chumba kikauke. Siku ya tatu alipika wanga wa mchele na kuutumia kama gundi, jambo ambalo katika kazi ile ni sawa na mkimbia mbio kupanda basi. Wanga ulikauka vizuri. Majani yakaanguka pamoja na wanga.

Siku ya nane Satsuki alikaa karakana akichambua mifuko huku simu ameibana kwa bega, akifunga hesabu za bima ya mama yake. Alikuwa na jani mkononi. Akalilowanisha mdomoni kama alivyofundishwa tangu ana miaka kumi, akalipachika bila kufikiri kwenye kimia kilichokuwa karibu. Wakati huo karani wa bima alimwuliza jina la marehemu.

"Kuzuhara Mitsue," alisema Satsuki, na jani likashika.

Karani aliomba radhi, hakusikia vizuri, arudie. Akarudia, na jani la pili likashika. Akaulizwa linaandikwaje, akalieleza alama kwa alama, na kufikia mwisho wa simu alikuwa amemaliza ua zima. Alijaribu kupachika jingine akiwa kimya. Likaanguka. Akalitaja jina, likakaa. Jioni alimweleza baba yake wakati wa chakula, kwa sauti ambayo mtu hueleza kwamba bomba la jikoni lazima uligeuze kushoto kwanza.

Kuzuhara alimaliza figili iliyobaki bakulini. Kisha akaenda karakana na kujifungia. Satsuki alimsikia akisoma jina la kaburini lote, polepole, kutoka kwenye kibao, na baada yake mlio mdogo wa mti ukigonga sakafu. Akamsikia akisema "mke wangu". Mlio. Akasema "mama wa Satsuki". Mlio. Baada ya hapo taa ikazimwa.

Angeweza kulisema jina lenyewe. Ulimi wake ulikuwa mzima, wala halikuwa jina gumu. Lakini mwezi wa kumi mkoa ulitarajiwa kumtunuku cheo cha fundi aliye hazina ya mkoa, na kwenye sherehe ilikuwa apachike majani mbele ya watu kwenye kimia kikubwa cha ukumbi mpya wa utamaduni. Mwenyekiti wa chama cha mafundi, Hirowatari, alikuja kupanga mambo. Hirowatari alikuwa ameingia kwenye karakana ile mara mia tatu, na kila mara alikuwa ameruka miguu ya Mitsue ili amfikie Kuzuhara. Chama kizima kilikuwa kimeiruka miguu hiyo. Walijua kazi ni ya nani kama wanavyojua choo kiko wapi, na waliizungumzia kwa kiasi hichohicho.

Satsuki aliwaletea chai, akaketi bila kuombwa. Alikuwa na neno moja. Desturi ya mafundi wa kule ni kuandika jina kwa brashi kwenye ulimi wa fremu, kabla ulimi haujagongwa ndani ya tundu lake. Jina hilo halionekani tena mpaka siku nyumba ibomolewe. Alitaka jina la mama yake liandikwe hapo, chini ya la baba. Hakutaka jukwaani, wala kwenye cheti. Likikubaliwa hilo, yeye angepachika majani yote, na baba angelikandamiza la mwisho.

"Ni ndani, mahali pasipoonekana," alisema. "Hata mchwa hatalisoma."

Hirowatari alikuna kidevu. "Binti yangu, kuonekana si tatizo. Majina mawili ni mafundi wawili. Cheo ni cha mtu mmoja."

"Basi liandikeni la mama peke yake."

Hirowatari alicheka, akamtazama Kuzuhara, akaacha kucheka.

"Mama yako angeona haya," alisema Kuzuhara. "Hakuwa mtu wa kujitokeza."

"Angejitokezea wapi, baba? Ulikuwa umesimama mlangoni."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kushika randa."

"Naam. Ukamwachia."

 Hirowatari alisema kwa upole kwamba vijana wa siku hizi wana mawazo mazuri. Satsuki ana miaka arobaini na minne. Alikusanya vikombe, na kabla ya kutoka akamwambia baba yake kwamba iwe basi. Jina lisiandikwe, na yeye hatapachika. Baba apande jukwaani na alitaje mara moja, kwa sauti anayotaka, na majani yatafanya yaliyobaki.

"Sitaki kingine," alisema. "Silabi tatu tu."

Kuzuhara aliandika jina lake mwenyewe kwenye ulimi wa fremu Jumatatu iliyofuata, akaugonga ndani kwa nyundo ya mbao. Alitumia brashi nene, akaujaza ulimi wote.

Sherehe ilifanyika Jumapili moja ya mwezi wa kumi. Viti vilijaa. Kimia kilisimama jukwaani, urefu wa mlango, vijiti vyake virefu vimepishana sawasawa, na mbele yake trei yenye majani. Kuzuhara alivaa vazi jeusi lenye nembo ya ukoo. Alipiga magoti, akalowanisha jani, akalipachika, akainua mikono ili watu waone. Jani lilianguka. Kulikuwa na kipaza sauti karibu, kwa hiyo hata wa nyuma walilisikia. Akapachika la pili, likaanguka. La tatu, la nne. Watu walitulia, wengine wakiandika kwenye madaftari.

Satsuki alikuwa safu ya tatu, akitazama midomo ya baba yake. Kwenye jani la tano midomo ilifunguka. Akaegemea mbele. Mzee alivuta pumzi, akaangalia upande wa viongozi wa mkoa na wake zao, akasema kwa sauti ya chini:

"Wee."

Jani lilitikisika kidogo, kwa mazoea. Kisha likaanguka.

Hirowatari alikuwa ameshachukua kipaza sauti. Alisema wamebahatika kushuhudia kilele cha ufundi. Miaka hamsini Fundi Kuzuhara ameijaza nafasi, na leo, mbele ya macho yao, ameiacha tupu. Alisema inahitaji ujasiri. Watu walisimama na kupiga makofi, na kiongozi mmoja akajifuta macho. Profesa aliyealikwa kutoka mji mkuu aliandika baadaye kurasa sita kuhusu utupu uliokomaa, na kuhusu lile neno moja, ambalo alilifasiri kuwa fundi alikuwa akiuita ulimwengu.

Nyuma ya jukwaa Satsuki alimkuta baba yake akivuliwa vazi.

"Ulikaribia," alimwambia.

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, wa pekee alioonyesha tangu mwezi wa sita. "Mbele ya watu wote wale?" alisema. "Nimwite mke wangu kwa jina, mbele ya watu wote wale?"

Akanyoosha mkono wa pili ili atolewe mkono wa vazi.

Satsuki aliandika barua ya kuacha kazi Hakata na kuanza kuzunguka na mifuko. Hakutoa maelezo mengi. Alimwambia kila mteja kwamba atamkabidhi majani, amwonyeshe pa kuyapachika, na mteja mwenyewe ataje jina. Bi Oribe alilitaja mara elfu mbili na mia sita kwa siku nne, kwa sauti ya mtu anayehesabu mayai, huku akijibu simu na kukemea wapishi, na hakuna hata moja lililoanguka. Daktari wa meno alifanya hivyo kati ya mgonjwa na mgonjwa. Mtawa aliomba kutumia jina la kaburini kwa kuwa ndilo rasmi, akajaribu, akaokota, akatumia lile jingine. Wanachama wa chama cha mafundi walisema milango yao wanaipenda ilivyo. Ofisi ya mji ilikuwa imeshatupa mfuko wake.

Kuzuhara sasa anatengeneza vimia vitupu tu. Anavikata kwa mashine, kimoja kwa asubuhi, na anayeagiza leo husubiri miaka miwili. Watu wa gazeti huja, naye huwaeleza kuhusu kuacha.

Kimia cha ukumbi wa utamaduni kinasimama upande wa kulia wa mlango mkubwa. Kibao chake kinataja mwerezi, mwaka, jina la Kuzuhara na la mwalimu wa Kuzuhara. Msafishaji hukipangusa kila Ijumaa. Kwa kuwa hakina majani, kazi hiyo humchukua dakika nne.