Gogo Lililoitika

Kitu cha kwanza Mwanabibi alichokiona ni kuku. Siku zote msumeno ulipolia walikimbilia nyuma ya choo, lakini asubuhi ile walisogea mpaka kwenye gogo, wakainamisha vichwa upande mmoja kama wanaosikiliza redio.

Gogo lilikuwa la mjohoro wa nyuma ya nyumba yao, kule Ruponda. Mti ulikuwa umeanza kuegemea paa la jiko. Baba yake mdogo, Kaimu, aliukata, akapiga mistari kwa kamba iliyochovywa unga wa betri kuukuu, kisha akaliweka gogo juu ya shimo. Yeye alisimama juu yake na mpini mmoja wa msumeno. Mwenzake Octavian alishuka shimoni na mpini wa pili. Aliye chini haonekani, na macho yake hujaa unga wa mbao, kwa hiyo msumeno hauvutwi mpaka wa juu aulize na wa chini aitike.

"Chini, upo?"

"Nipo."

Kaimu akavuta.

"Wee mzee!" Octavian alipiga kelele. "Bado nafunga kitambaa! Sijaitika mimi."

"Kaitika nani?"

"Gogo."

"Liambie lisubiri zamu yake."

Wakaendelea. Banzi la nje lilianguka kimya. Ubao uliofuata ulisema "Nipo" kwa sauti ya msichana wa miaka kumi na moja. Kadiri msumeno ulivyokaribia moyo wa gogo ndivyo sauti ilivyozidi kuwa changa, hata ubao wa katikati ukaitika kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Octavian alicheka mpaka akapaliwa.

Fatma, mama yake Mwanabibi, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliijua sauti ile.

Mche wa mjohoro Mwanabibi alipewa shuleni alipoanza darasa la kwanza. Kila mwanafunzi aliambiwa akapande mmoja kwao. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alisimama mbele yake akijifunza kuitika jina, na pale sauti ilitoka. Darasani, Mwalimu Elineema alipoita majina haraka haraka, midomo yake ilicheza tu bila sauti, na kalamu ya Mwalimu ikaandika kwamba hayupo. Alipofika darasa la tano alama za kutokuwepo zikatosha, akafutwa shule kwa utoro. Siku anafutwa alikuwa amekaa dawati la pili. Tangu hapo hakusema tena na mti, ndiyo maana mabanzi yalikuwa kimya.

Mbao zilipatikana kumi na moja. Kaimu alizipaka oili chafu kwenye ncha zisipasuke, akazipanga upenuni juu ya mawe, vijiti katikati ili upepo upite, na mawe mengine juu zisipinde. Zilikauka tangu Juni mpaka korosho zilipoanza kuanguka. Jioni majirani walikuja kuziita. Rozalia, aliyeacha shule darasa la tatu ili akalinde mahindi yasiliwe na nyani, aliita majina ya wasichana wote wa wakati wake, na mbao zikamwitikia kila mmoja.

"Darasa letu halijawahi kutimia hivi!" alisema, akipiga makofi.

Mwalimu Elineema alifika siku ya Jumamosi. Alitaka mbao za madawati.

"Ziite, Mwalimu," Fatma alimwambia. "Mwite Mwanabibi."

Aliita. Zikaitika zote kumi na moja.

"Sauti hii siijui."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Kisha Fatma akaomba, kama alivyoomba zamani, barua ya shule iandikwe upya. Chuo cha ushonaji cha mjini Nachingwea kilikuwa tayari kumpokea binti yake, lakini kilitaka barua ya shule, na barua iliyokuwepo ilisema ni mtoro. Mwanabibi alikuwa nyuma ya mlango wa jiko, ameshika beseni.

"Mama Mwanabibi, mbao zako nzuri sana," alisema Mwalimu kwa upole. "Lakini daftari la mwaka ule lilishafungwa. Nipatie mbao sita."

Kaimu alitazama mlango wa jiko. Mwanabibi alitikisa kichwa.

"Haziuzwi, Mwalimu," Kaimu alisema. "Hizi ni za meza ya cherehani."

Mwalimu alishukuru, akatoa kalamu, akaandika kwamba mbao hazikuwepo. Nyuma yake zilikuwa bado zinaitika.

Wiki iliyofuata Octavian alikwenda Chinongwe kumwokotea mama yake korosho. Gogo la mfenesi lilikuwa limeshawekwa juu ya shimo, na Kaimu amesimama juu yake, anatafuta mtu kwa macho. Mwanabibi alikaza kanga, akafunga kitambaa kichwani, akashuka. Shimoni kulinukia utomvu. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Chini, upo?"

Kuku wakainamisha vichwa. Mbao upenuni zikanyamaza, zikimsubiri mwenyewe.

"Nipo!" alisema Mwanabibi, na kuku wote wakakimbilia nyuma ya choo.