Ruhusa ya Mchezaji Mmoja

Jumapili saa tisa alasiri, katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Himbi, Héritière alikuwa akicheza peke yake hadithi ya kale ya Ulaya, ya bwana aliyemzika dada yake chini ya jumba lao, kumbe dada angali hai. Alikuwa bwana, akawa dada, akawa hata mgeni mwenye mwavuli. Ilipofika zamu ya dada kubisha kutoka kaburini, Héritière aligonga mbao za jukwaa kwa kisigino, mara tatu.

Mara ya nne iligongwa kutoka chini.

Ubao ulinyanyuka, akatoka Cédrick, kaka yake, aliyepigwa risasi karibu na Katindo mwezi wa Januari, vita vilipoingia mjini, akazikwa kwa haraka pamoja na wengine wengi kabla ndugu hawajafika. Shati lilikuwa na udongo. Alikaa kwenye kiti cha bwana, na kwa kuwa tangu utoto hakujua kunyamaza, akaanza kusahihisha. "Mutu mwenye alizikwa habishe hivyo. Anabisha polepole."

Héritière akabisha polepole. Watu walipiga makofi. Mama yao, Pascasie, alilia sana. Miezi yote hiyo alikuwa akiomba kitu kimoja tu, karatasi ya kifo, ili amfanyie mwanawe kilio kama watu wanavyofanyiwa. Kila ofisi ilimjibu kwamba bila maiti hakuna karatasi.

Papa Henri, aliyetumwa na ofisi ya serikali inayotoa ruhusa kukagua mchezo, alisimama pale mstari wa mbele.

"Ruhusa inasema muchezaji mumoja. Huyu wa pili ni nani?"

"Ni kaka yangu, Papa," alisema Héritière. "Alikufaka."

"Karatasi ya kifo iko wapi?"

"Mulikatala kutupatia."

"Basi ni muzima."

"Papa Henri, umuangalie muzuri," alisema Mama Pascasie, akinyoosha kidole kifuani mwa Cédrick. "Risasi njo hii."

Cédrick alifungua vifungo kwa adabu. Papa Henri alivaa miwani, akatazama tundu, akatoa pole. Hakuwa mtu mbaya, ila fomu aliyokuja nayo ilikuwa moja tu, ya wachezaji. Akaandika kwamba Cédrick ameonekana akiwa hai, akicheza bila ruhusa, akapiga muhuri.

Nyumbani, majirani walikwisha kusikia kwamba marehemu ameonekana. Walikuwa wameleta viti, wamewasha moto uani, na wanawake wameanza wimbo. Mkubwa wa mtaa aliisoma karatasi ya Papa Henri mara mbili, akasema mtu mwenye muhuri wa uzima haliliwi. Wimbo ukakatika katikati.

Cédrick alipanga viti kimoja juu ya kingine, akavirudisha nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwamba kilio chake kimeahirishwa. Jua lilipoinama akashika njia ya makaburi kwa miguu. Mama Pascasie alimsindikiza hadi barabarani, macho makavu, kama alivyoagizwa.