Tafuna Kwanza

Nyumbani kwa Ta Kyaruzi, yaani Mzee Kyaruzi kwa Kihaya, pale Izigo, ilikuwapo sheria moja tukufu: mgeni hupewa buni kavu za kahawa atafune, na akishatafuna, mwenye nyumba hawezi tena kukataa anachopewa na mgeni huyo. Mjukuu wake Lilian, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako alikumbukwa kwa kumvalisha tai mbuzi wa mkuu wa shule, aliiheshimu sana sheria hiyo. Alikuwa na mpango nayo.

Saratani ya mapafu ilikuwa imemfikisha babu mahali pa kulala ameketi. Maumivu ya kifua yalimkata maneno katikati. Na Jumamosi alipaswa kumkabidhi binti yake Alistidia kwa wakwe, kwa kinywa chake mwenyewe. Hilo alilitaka kuliko kupona, maana kupona alishaambiwa hakupo. Lakini chupa ya mofini ya kutuliza maumivu aliyoletewa na Ma Judica, muuguzi wa tiba shufaa kutoka Bukoba, ilikaa dirishani haijafunguliwa.

"Hiyo ni ya kumalizia watu," alisema mzee. "Ndugu yake jirani yetu Kashaija alipewa jioni, asubuhi tukachimba kaburi."

"Alipewa siku yake ya mwisho, Ta. Miezi yote ya nyuma aliteseka bure."

"Nitasinzia mbele ya wakwe."

"Utasinzia siku za mwanzo. Ndiyo maana unaanza leo Jumatatu. Na itakufunga choo, kwa hiyo kuna hii chupa ya pili, ya kulainisha."

"Ukinywa hiyo ya pili, Babu, hotubia karibu na mlango," alisema Lilian.

Babu alicheka. Kicheko kikageuka kikohozi, akakishika kifua kwa mikono miwili, na hakuna aliyecheka tena.

Lilian akaleta kikapu cha buni. Ma Judica akachukua moja, akatafuna taratibu, akameza.

"Nimepokea chako, Ta. Nawe pokea changu."

Mzee alimkazia macho mjukuu. "Wewe ndiye uliyemfundisha."

"Mimi? Mimi niko likizo."

Mzee akanywa dawa.

Jumamosi alizungumza ameketi. Sentensi zilikuwa fupi, lakini kila moja ilifika mwisho wake, na Alistidia alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalegea. Saa ya dawa ilipofika, Lilian akapita katikati ya wakwe na kikombe. Babu akamnyooshea buni.

"Mbele ya watu, Babu? Unajua inavyonichefua."

"Tafuna kwanza."

Akatafuna, uso umekunjamana. Ndipo babu akameza dawa yake, akawageukia wakwe, akaendelea.