Daraja Lisilokubali Kuisha

Ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wapishi kwa walinzi, kwamba Kamati Kuu ya Daraja katika shule ile ya bweni iliongozwa na Mwenyekiti mwenye hekima, busara na heshima zake. Heshima zenyewe alijipa mwenyewe, wenzake walipokuwa wameinama chini ya meza wakitafuta mkasi.

Wenzake walikuwa wawili tu. Fundi, binti mwenye vidole vyepesi, alibandika vijiti kwa gundi. Karani, mvulana mpole wa miwani, alipima na kuandika. Mwenyekiti alihutubia. Mwalimu wa sayansi alikuwa amewapa wiki mbili: Ijumaa daraja lao la vijiti libebe tofali zima, la sivyo watatu wote wapate sifuri.

Lakini daraja halikukubali kuisha. Kila jioni Fundi aliunga, na kila kesho yake walikuta kiungo kimoja kimeachia. Karani alilaumu gundi, Fundi akalaumu vipimo vya Karani. Mwenyekiti, kwa uso wa hakimu, akaunda tume ya kuchunguza panya.

Basi wakaanza upya, na kuanza upya ndiko kulikokuwa asali ya Mwenyekiti. Fundi angemwambia, "Kaka, shika hapa, na huo mdomo ushike pia." Karani angemsogezea stuli kabla hajafika. Mwaka uliopita dada yake Mwenyekiti alikuwa hapa hapa shuleni, wakila meza moja. Alipomaliza akaenda zake, na Jumapili zikawa ndefu kama foleni ya bafu. Darasa zima lilicheka naye. Hakuna aliyekaa naye. Ijumaa ikishapita, Fundi angerudi kwenye mpira wa pete na Karani kwenye maktaba yake.

Alhamisi, watu wakiwa bado bwaloni wanakula chakula cha mchana, Mwenyekiti aliingia maabara kwa kunyata, mkononi kikombe cha maji moto na kitambaa. Akakilowesha kiungo cha katikati polepole, kama muuguzi anayebandua bandeji. Gundi ikaanza kulegea.

"Kumbe panya wetu ana mikono," Fundi alisema kutoka nyuma ya kabati.

Alijitokeza, na Karani nyuma yake. Mwenyekiti akaeleza kwamba alikuwa katika ukaguzi rasmi. Hawakucheka. Akaongeza kwamba daraja lilikuwa na homa, analikanda tu. Karani alivua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena ingawa ilishatakata.

"Nimerudia vipimo mara sita," alisema. "Nilidhani mjinga ni mimi."

Mwenyekiti alifungua mdomo kutafuta mzaha mwingine. Siku zote mizaha ilimjia yenyewe kama inzi kwenye embe. Leo haukutua hata mmoja. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kitambaa hadi kiatuni.

"Vipimo vyako vilikuwa sawa," alisema. "Vyote. Na gundi ni nzima." Akakiweka kikombe mezani. "Likisimama hili, nyinyi mnaondoka. Nimekuwa nikilibomoa ili mrudi."

Fundi alimtazama. "Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."