Kimeo cha Sayi

Siku ya nne Sayi alikohoa mpaka uji ukamtokea puani, na bibi yake, Mboje, akaona yatosha.

"Ni kimeo hicho, kimerefuka. Luhende anakuja mchana kukikata."

Milembe, mama wa mtoto, alikuwa anajifunga kitambaa kichwani aende kiwandani kuzoa pamba inayodondoka chini ya mashine. Akakiacha kitambaa nusu. Kikohozi kikigoma kupona, watu husingizia kile kijinyama kinachoning'inia kooni. Yeye mwenyewe alikatwa kwa waya akiwa na miaka mitano, na hajasahau ladha ile ya damu.

"Mayu, mama, niache nimpeleke zahanati kwanza."

"Mpeleke. Ila mchana uwe umerudi."

Akampigia msimamizi wake kuomba ruhusa. "Lete karatasi yenye muhuri," msimamizi akasema. "La sivyo, watu wa kushika nafasi yako wamejaa getini."

Zahanati walikaa foleni saa tatu nzima. Nesi alikuwa mmoja tu, Felisita, na tochi yake haikuwa na betri tangu mwezi uliopita. Akaazima simu ya Milembe.

"Sema aaa. Haya mama, njoo uone mwenyewe."

Milembe akainama. Hakuwahi kuona ndani ya koo la mtu. Kulikuwa na chumba kizima mle, chekundu, kinang'aa kwa maji, na katikati kimeo kidogo kama punje ya hindi bichi, kinatetemeka. Sayi alipotaka kumeza, kilipanda, kikajificha, kikashuka tena. Nani alikifundisha? Miaka saba mwanawe amekula ugali mbele yake, na kitu hiki kilikuwa kinapiga kazi bila muhuri wa mtu. Machozi yalimlengalenga, wala hakuona aibu.

"Kimeo hakina kosa," Felisita akasema. "Ni mafua, koo limevimba kidogo. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, umpe kijiko cha asali, anywe vya motomoto. Na nyumbani mnawe mikono wote. Akipumua kwa shida au akishindwa kumeza, mrudishe mbio."

"Na karatasi ya kazini?"

"Muhuri kaondoka nao mganga mfawidhi. Yuko semina."

Walimkuta Luhende uani, mzee mpole, waya wake uko tayari kwenye bakuli. "Mwadila, mayu," akasalimia.

Milembe hakubishana. Akamkalisha Sayi, akawasha taa ya simu. "Angalieni kwanza."

Mboje akachungulia, akaziba mdomo kwa kanga. Luhende akafuata, akakawia. Miaka thelathini alikuwa akivitafuta vimeo kwa kidole.

"Kumbe kinacheza," akasema polepole. "Mungu wangu! Kumbe kinacheza."

Mboje akaenda jikoni kupasha maji. Luhende akaufunga waya wake kwenye kitambaa.

"Unarudi nyumbani, baba?" Milembe akauliza.

"Hapana. Kijiji cha mbele wananingoja watoto watatu."

"Nesi amewaangalia?"

"Nesi gani? Zahanati yao ina kufuli tangu masika. Anayefika ni mimi tu."

Milembe akatazama saa. Huko kiwandani mtu mwingine keshashika ufagio wake. Akamweleza Mboje kiasi cha chumvi, akamfunika Sayi shuka, akaangalia chaji ya simu: asilimia arobaini.

"Twende wote, baba. Nitakumulikia, nao waangalie kwanza."