Injini ya Kushoto Ndiyo Hufa

"Usinipandishie sauti, Brock. Asubuhi umetuangusha kwenye mashine ya kuigiza ndege, mimi na wewe na abiria hamsini wa kufikirika."

"Mwalimu Ruhland alinichokoza! Aliua injini ya kulia!"

"Ala! Mtu mbaya sana. Kwani injini za kulia nazo hufa?"

Brock Sundquist, miaka ishirini na minne, ndiye mwenzangu wa mafunzo. Kampuni yetu ndogo ya ndege huwafunga marubani wapya wawili wawili kama ng'ombe wa jembe, kisha inawahifadhi wiki nane katika hoteli hii ya St. Louis. Ukutani chumbani kwangu tumebandika karatasi kubwa yenye picha ya vyombo vyote vya rubani. Mbele yake kuna viti viwili, na viatu vyangu sakafuni ndizo pedali za miguu. Kila jioni watu wazima wawili hukaa hapo wakigusagusa karatasi na kupayuka. Mhudumu wa usafi ameacha kubisha hodi.

Mtihani ni kesho asubuhi. Ukifeli, inaandikwa kwenye rekodi yako, na kila kampuni utakayoiomba kazi hadi ustaafu itaisoma. Nina miaka arobaini na minne. Nimelea watoto watatu huku nikifundisha watu kurusha vindege vidogo. Sikufika hapa kutafuta doa.

Brock hana wasiwasi. Yeye ana waraka. Kurasa sita zinazopita darasa hadi darasa, kila anayetoka mtihanini anaongeza alichopewa na mtahini. Kuhusu wetu, Kopecky, waraka hauna shaka: huua injini ya kushoto mara tu magurudumu yakiacha ardhi. Sijui Kopecky mwenyewe aliuwekea saini wapi waraka huo.

"Watu kumi na tisa, mama. Wote kushoto."

"Na wewe wa ishirini atakuuliza kwanza unapenda ipi?"

"Unaniambia mimi, na wewe umeusoma mara ngapi?"

"Nimeupitia tu."

"Haya, kaa." Akavuta kiti. "Kaa, bingwa wetu. Fumba macho. Mimi ndiye kapteni."

Nikakaa. Sikatai nafasi ya kumwonyesha mtoto wa mtu kazi. Brock akaanza kwa sauti nzito aliyoiazima sijui kwa nani. "Kasi inapanda... inapanda... inua!"

Nikavuta usukani wa hewani.

"Injini ya kulia imekufa!"

Nikakanyaga kwa nguvu, nikafumbua macho. Kiatu cha kulia kilikuwa kimelala chali chini ya mguu wangu.

Injini ya kulia ikifa, ndege inavutwa kulia, na unaizuia kwa mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeisaidia kupinduka. Masikio yalimsikia Brock vizuri. Mguu ulifuata waraka.

Hakucheka. Heri angecheka.

"Nimechoka tu," nikasema. Nyumbani kwangu sentensi hiyo ni marufuku.

"Kesho Kopecky ataua ya kushoto, mama. Tutapita."

"Na baada ya kesho? Au abiria nao wamepewa waraka?"

Kuomba kipindi cha ziada hapa ni aibu kubwa. Kabla kahawa ya asubuhi haijapoa, darasa zima litakuwa linasikitika kwa furaha kwamba Teague, yaani mimi, ameogopa. Nikawaza kuhusu hilo kwa muda wa kutosha kuitafuta simu kitandani. Nikampigia Ruhland.

"Mwalimu, ni Teague. Niondoe kwenye mtihani wa kesho. Nataka kipindi kimoja zaidi, na uue injini yoyote, wakati wowote, usiniambie."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa. Mguu wangu ndio mjinga."

Nikasikia vidole vyake vikibofya kompyuta. "Nimekutoa. Kesho saa nane mchana, kwenye mashine. Na mwenzako?"

Nikamsogezea Brock simu. Ajisemee mwenyewe, mama yake yuko Nebraska. Akaitazama, akaipokea.

"Na mimi pia, mwalimu."